Ziwa Lenye Kalenda Yake

Agosti mjini Lodwar si mwezi wa mvua. Jua linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mji huu hupata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka mzima, na nyingi huanguka kati ya Machi na Mei. Lakini panda gari uende kilomita kama 60 hivi mpaka Kalokol, na utakuta Ziwa Turkana linapanda. Hakuna tone lililodondoka, na maji yanaongezeka. Kwani yanatoka wapi?

Yanatoka Ethiopia. Mto Omo huleta zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani, na kwenye nyanda za juu za huko mvua kubwa hunyesha Juni hadi Septemba. Ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Maji yakishaingia, hukaa mpaka jua liyanywe. Basi kaunti ni moja lakini kalenda ni mbili: ya mbuzi na ya samaki. Na kwa miaka hamsini sasa kumekuwa na watu wanaokuja na kalenda ya tatu, ile ya ofisini.

Kalenda ya samaki ni ya zamani sana. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wakati sehemu hii ya Afrika ilikuwa na mvua kuliko leo, ziwa lilikuwa juu kwa makumi ya mita. Lilijaa mpaka likafurika upande wa kaskazini-magharibi, kupitia tambarare ya Lotikipi, likamwaga maji yake hadi Nile. Ndiyo maana ziwa lililozungukwa na jangwa lina mbuta na mamba wa Nile. Njia ile ilikauka, ila haijasahau kazi yake. Mvua ikinyesha, laga ya Tarach inayopita Kakuma hujaa ghafla, hubeba chochote ilichokuta, kisha hukimbilia Lotikipi na kutuama. Ndege hujaa huko mpaka maji yaishe, halafu huondoka. Wiki chache baadaye watu wa Kakuma wanachimba mchanga wa Tarach kutafuta maji ya kunywa.

Ziwani, safari huanza Omo inapofurika. Kati ya 1972 na 1975, watafiti walioongozwa na A.J. Hopson walichunguza samaki wa Turkana na kuonyesha kwamba aina kadhaa hupanda mto wakati wa mafuriko ili kutaga mayai. Kwao, maji mapya yenye udongo ni kama kengele ya shule. Ufuko nao unasogea: maji yanafunika nyasi, na ndani ya nyasi hizo samaki wadogo wanapata chakula na maficho. Ziwa likianza kushuka mwishoni mwa mwaka, linaacha matope yaliyojaa wadudu, na vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanayakuta tayari. Kupanda kwa maji kunalisha mmoja, kushuka kunamlisha mwingine.

Waturuki? Hapana, Waturkana! (Kuna wageni wanaochanganya mpaka leo.) Wao wanaijua lugha hii vizuri. Mwaka wao una akiporo, majira ya mvua, na akamu, kiangazi. Kwenye akiporo mifugo hushuka tambarare kufuata nyasi changa. Akamu ikikaza, hupelekwa kwenye milima na vyanzo vya maji vya kudumu. Mtu akikwambia kuhama huku ni kuzurura, muulize kama samaki wa Omo nao wanazurura.

Sasa njoo Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol. Ni kina kifupi, maji ya vuguvugu, mahali ngege wanapenda kuzaana. Katikati ya miaka ya 1970 ziwa lilikuwa juu na ghuba ilitema samaki. Mwaka 1976 ziwa zima lilitoa zaidi ya tani 15,000, nyingi kutoka hapo. Wafadhili kutoka Norway waliona uchumi mpya kwa watu ambao ukame na wizi wa mifugo vilikuwa vimewamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kikasimama Kalokol. Familia nyingi zisizo na hata mbuzi mmoja zikahamia ufukweni na kushika nyavu.

Kiwanda kilifanya kazi muda mfupi tu. Kugandisha samaki kwenye joto la Turkana kulikula pesa kuliko samaki walivyoleta. Halafu ukaja ukame uliozaa njaa kubwa ya Ethiopia ya 1984. Omo ikaja nyembamba, ziwa likashuka, na Ghuba ya Ferguson ikakauka. Samaki hawakuwa wamedanganya mtu. Ziwa hili lilikuwa limeshashuka zaidi ya mita 10 kati ya mwisho wa karne ya 19 na katikati ya karne ya 20. Mradi ulihesabu miaka ya neema, ukaiita kawaida. Waliolipa ni wavuvi: ghuba imekauka, na nyumbani hakuna mifugo ya kurudia.

Baadaye maji yalirudi, samaki wakarudi. Hiyo ndiyo tabia ya ziwa, huenda na kurudi. Lakini mwaka 2015 bwawa la Gibe III kwenye Omo, refu kwa mita 243, lilianza kujazwa, na 2016 likazinduliwa. Mwaka 2018 UNESCO iliweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hofu si kwamba maji yataisha kesho. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipandisha ziwa hadi likafukuza watu majumbani. Hofu ni kwamba yatakuja sawasawa mwaka mzima, yakifuata mahitaji ya umeme, na lile furiko la Agosti litapungua hadi lisisikike.

Ukame wa 1984 ulikausha ghuba, lakini ulipita. Kengele ikinyamazishwa kabisa, samaki watajuaje kwamba ni wakati wa kupanda mto? Na mvuvi wa Kalokol, aliyewahi kuambiwa aache mbuzi ashike nyavu, sasa aambiwe ashike nini?