Tajiri Akihama na Timu, Shabiki Anabaki na Jezi

Wadau, tarehe 29 Novemba 2022 mnaikumbuka? Yanga walikuwa wamefikisha mechi 49 za Ligi Kuu bila kupoteza. Wakaenda Ubaruku kule Mbarali, uwanja wa Highland Estate, katikati ya nchi ya mpunga, wakapigwa 2-1 na Ihefu. Oktoba 2023 wakarudi, wakapigwa tena 2-1 palepale. Watu wa Msimbazi walicheka mpaka mbavu zikauma, na Tanzania nzima ikajua Ubaruku iko wapi.

Sasa nenda Ubaruku leo uitafute hiyo timu. Haipo. Mapema 2024, msimu ukiwa katikati, Ihefu ilihamishiwa Singida, na msimu uliofuata hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Haikushuka daraja wala haikufungiwa. Wenye mali waliamua tu.

Na Singida kwenyewe walishaionja hiyo. DTB, timu iliyobeba jina la benki, ilipanda Ligi Kuu 2022, ikahamia kwao na kuitwa Singida Big Stars. 2023 ikawa Singida Fountain Gate. 2024 ikaenda kumalizia msimu Mwanza, kisha ikatua Babati ikiwa Fountain Gate tu, Singida imekatwa. Majina manne ndani ya miaka miwili! Hata fundi wa kuandika jezi angeomba apumzike.

Ukimsimulia haya mzee wa Gorong'a, kule Tarime, hatashangaa. Wakurya wanaijua ng'ombe ya kutunziwa mtu. Unaichunga, unaipeleka mtoni, unakamua maziwa, watoto wanaipa jina. Siku mwenyewe akija na kamba huna neno. Shabiki wa Ubaruku alikuwa mchungaji wa ng'ombe ya mtu.

Lakini Mara pia wanaijua shida ya upande wa pili, na hapa ndipo mjadala unapokuwa mtamu. Ukitoka Tarime, ukavuka Mto Mara pale Kirumi, unafika Musoma kwa Biashara United. Timu ya mkoani, haina tajiri wa kutisha. Msimu wa 2020/21 ilimaliza ya nne, ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Ikawatoa Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 ikaipiga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Mbili bila, mwanangu, dhidi ya Walibya! Marudiano hayakuchezwa. Timu haikufika Libya, mambo ya safari yalikwama, CAF ikaiondoa. Msimu huohuo ikashuka daraja. Kwa hiyo ukimwambia kijana wa Musoma kwamba matajiri wanaharibu mpira, atakuuliza nauli ya Libya ungetoa wewe?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaonakili kelele za Ulaya kama zilivyo. Shabiki wa Manchester United aliyevaa skafu ya kijani na njano mwaka 2010 alikuwa analalamika kwamba wenye timu wanaikamua. Huku kwetu timu nyingi hazina hata cha kukamua. Hofu yetu inafanana zaidi na ya Wimbledon, waliohamishiwa Milton Keynes mwaka 2003. Wale mashabiki hawakusubiri, walishaanzisha timu yao mwaka mmoja kabla.

Watu watasema tuna kanuni ya 51 kwa 49. Ni kweli, ipo tangu 2017: klabu ya wanachama ikiuza hisa, wanachama wabaki na asilimia 51. Simba walipompitisha Mohammed Dewji Desemba 2017 kwa bilioni 20, walibanwa na hesabu hiyo. "Mzigo umeingia?" likawa swali la vijiweni kwa miaka. Yanga mwaka 2016 waliletewa ofa nyingine na Yusuf Manji: akodishiwe timu na nembo miaka 10, faida asilimia 75 yake, 25 ya klabu. Ilizua kelele, na haikufika popote. Mwaka uliofuata akaondoka, na Yanga wakaingia kwenye zama za kutembeza bakuli. Waliumia kweli, ila Jangwani hawakuhama. Klabu ya mwaka 1935 yenye wanachama wenye kadi huwezi kuipakia kwenye lori usiku.

Ihefu hakukuwa na mwanachama wa kupiga kura. Kanuni inailinda klabu yenye wanachama. Yenye mwenyewe mmoja au kampuni, shabiki ni mteja tu.

Na hili si jipya. Wazee wenu wanazikumbuka Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, CDA ya Dodoma, Sigara. Tajiri wa enzi zile alikuwa shirika la umma. Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa au yakafa, na timu zikafuata moja baada ya nyingine, kwa sababu mshahara wa beki ulikuwa unatoka dirisha moja na mshahara wa karani. Pamba ya Mwanza, iliyotikisa Afrika, ilipotea Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20. Imerudi 2024 kwa jina la Pamba Jiji, safari hii mgongoni mwa halmashauri ya jiji. Kirumba kunajaa tena. Tajiri sasa ni baraza la madiwani, ambao nao kila miaka mitano wana mechi yao ya kushuka daraja.