Doa Jeupe Kwenye Yai la Chura

Mvua zikishika Bukoba, usiku wa Kashai huwa ni wa vyura. Tumewazoea hata hatuwasikii tena. Lakini kando ya Ziwa Victoria yupo mmoja asiyepiga kelele za nchi kavu, maana maisha yake karibu yote ni majini. Hana ulimi, chakula hukisukumia mdomoni kwa mikono, na vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma vina kucha nyeusi. Mwaka 1924 Mjerumani Ernst Ahl alimpa jina la kisayansi kutokana na ziwa letu: Xenopus victorianus. Ndugu yake wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, ndiye aliyewafunza wanasayansi jinsi yai linavyopevuka.

Ilianzia Cape Town. Mnamo 1930 Mwingereza Lancelot Hogben alieleza kwamba chura jike akidungwa maji ya tezi ya pituitari ya ng'ombe, hutaga. Miaka michache baadaye Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein walionyesha kuwa mkojo wa mjamzito hufanya kazi ileile. Hadi miaka ya 1960, wanawake wengi wa ng'ambo walipimwa ujauzito kwa chura huyu.

Kuna nini ndani ya yai? Lina upana wa milimita moja na ushei, nusu nyeusi, nusu njano iliyopauka. Homoni ya pituitari huziamsha seli zinazolizunguka, nazo hutoa homoni nyingine, projesteroni. Saa kadhaa zikipita, kwenye ile nusu nyeusi hujitokeza doa jeupe, dogo kama ncha ya sindano. Hiyo ndiyo alama ya kupevuka.

Cha ajabu, projesteroni ikidungwa ndani ya yai haifanyi kitu. Sharti iliguse kwa nje. Basi ni nani anayeupokea ujumbe na kuufikisha ndani? Mwaka 1975 watafiti Wasserman na Yoshio Masui waliyaweka mayai kwenye maji yenye kalsiamu na magnesiamu, wakatia dawa inayoyavusha madini hayo kwenye utando wa yai. Mayai yakapevuka bila homoni yoyote! Mnamo 1980 Wasserman na wenzake wakaripoti kwamba kalsiamu hupanda ndani ya yai mara tu projesteroni inapoligusa. Wengine walipima wasiione, na ubishi ukaendelea kwa miaka. Kwangu mimi, jaribio la 1975 ndilo lenye uzito: madini yale tunayoyapata kwenye dagaa na ndizi yalifungua mlango uliodhaniwa kuwa wa homoni peke yake.

Hatua inayofuata haina ubishi. Mbegu ya dume ikigusa yai pevu, wimbi la kalsiamu huanzia hapo na kulivuka yai zima. Ngozi yake ya nje huinuka, yai likapata nafasi ya kugeuka, upande mzito wa njano ukashuka.

Mvua zijazo, walimu wa baiolojia, wapelekeni wanafunzi bondeni. Wakikuta mayai yote yameelekeza weusi juu, waambieni kalsiamu imeshapita.