Mizinga ya Manowari na Majina Yake

Hapa Johannesburg simu ya nyumbani ikilia usiku, tunataniana: "Huu mzinga wa ngapi wiki hii?" Kupiga mzinga, yaani kuomba pesa. Lakini mzinga wa kwanza ulikuwa wa nyuki, gogo lililotobolewa na kutundikwa mtini. Bomba la chuma linalotema moto likapewa jina hilohilo. Meli inayolibeba tukaiita manowari, neno tulilookota kwa mabaharia wa Kiingereza.

Mabaharia hao nao walipenda kubatiza silaha. Mzinga mrefu wa melini waliuita Long Tom. Vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, jina hilo likapanda bara na kukaa kwenye mizinga ya milimita 155 ambayo Makaburu waliinunua Ufaransa. Haikuwahi kuonja maji ya chumvi!

Huku kwetu mambo yalikwenda mbali zaidi. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa, ikaizamisha. Mizinga ya Pegasus ikaopolewa, ikafungwa magurudumu, na askari wakaiita Peggy, kama mtu anavyomwita mpwa wake. Königsberg nayo ilikwama Rufiji, ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani wakaopoa mizinga yake 10 na kuipeleka Dar es Salaam kuundiwa magurudumu.

Nani aliivuta? Wapagazi, mamia kwa mzinga mmoja, kwa kamba, matopeni na milimani. Peggy alipata jina. Wao wengi hawakuandikwa popote, na hilo linatuuma kila tukisoma vitabu vya vita hivyo, vinavyojua hata uzito wa risasi.

Mwaka 1916, huko Kondoa Irangi, mizinga ya Königsberg iliwapiga askari wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya Van Deventer. Mmoja sasa uko Pretoria, kwenye Union Buildings. Tulikwenda kuutazama Jumapili moja. Mwenzetu mmoja, mtu wa Kondoa, aliuzunguka mara mbili bila kusema neno, kisha akatafuta kivuli.

Mwingine uko Mombasa, karibu na Fort Jesus, na jirani yake ni mzinga wa Pegasus. Mtakaokwenda likizo, pitieni hapo.