Baiskeli ya Mpakani na Asili ya Neno Bodaboda

Mwanafunzi wa siku hizi akiulizwa maana ya neno bodaboda hujibu mara moja kwamba ni pikipiki ya kukodi. Jibu hilo si kosa, maana ndivyo neno litumikavyo leo kutoka Kampala hadi Mombasa na kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Lakini neno hili lilikuwapo kabla ya pikipiki hizo. Lilizaliwa juu ya baiskeli, mpakani Busia, si mbali na vinamasi vya Ziwa Viktoria. Sisi tufundishao Kiswahili upande huu wa Uganda tumeona yafaa habari hii iandikwe, kwa kuwa walioliumba neno hilo walikuwa watu wa kazi wasioacha maandishi, na mtoto anayelitamka kila siku hajui kwamba anatamka historia yao.

Tuanze na mpaka wenyewe, kwa sababu bila mpaka hakuna boda. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, mpaka wa Uganda haukuwa hapo ulipo sasa. Nchi yote iliyo magharibi ya Naivasha ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo likahamishiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Wasamia walijikuta wamegawanywa, wengine huku na wengine kule, na hali kadhalika Wateso. Mtu akawa na shamba katika nchi moja na wakwe katika nchi ya pili. Sehemu ya mpaka huo hufuata mto uitwao Sio (nasi kila mwaka hatukosi mwanafunzi anayedhani tunamkanushia mto), ambao huingia ziwani kwa kupitia mafunjo mengi.

Nchi hiyo ni ya joto na ya mvua. Miinuko yake si mikali, na kila bonde lina kinamasi chake. Palipo juu udongo ni mwekundu, na palipo chini ni mweusi wenye kunata. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 ziliinua maji ya ziwa kwa kiasi cha mita mbili katika muda wa miaka michache, na mashamba mengi ya ufukweni yakamezwa. Katika nchi ya namna hiyo gari hukwama, na aendaye kwa miguu huchoka, hasa akiwa na mzigo. Mwenye baiskeli hupita ukingoni, na akifika palipozama hushuka, huitwika begani, akavuka kwa miguu, kisha akapanda tena. Ndiyo maana samaki kutoka ufukwe wa Majanji, dagaa na sato, walizoea kufika sokoni wakiwa ndani ya vikapu vilivyofungwa nyuma ya baiskeli, huku maji yakichuruzika njia nzima.

Baiskeli ya aina tunayoijua, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop alivumbua tairi la kujazwa upepo. Uvumbuzi huo uliopendeza sana Ulaya ulikuwa na upande wa pili ambao ndugu zetu wa Kongo hawana haja ya kusimuliwa: haja ya mpira ilipozidi, watu wa nchi iliyokuwa chini ya Mfalme Leopold walilazimishwa kuugema porini kwa mijeledi na bunduki, hadi nchi hiyo ilipoondolewa mikononi mwake mwaka 1908. Kwetu Uganda ya mashariki baiskeli ilikuja kwa njia ya upole zaidi. Pamba ilianza kulimwa kwa ajili ya kuuzwa nje tangu mwaka 1903, na mkulima aliyepata fedha za pamba alinunua kwanza bati la nyumba au baiskeli.

Majina yake nayo yana mafunzo. Kiswahili kiliita baiskeli kwa kufuata Kiingereza. Waganda walichukua neno la Kihindi, lilelile lililotupatia sisi gari, wakaiita eggaali. Na garimoshi wakaliita eggaali y'omukka, yaani gari la moshi, kama sisi. Wanyarwanda nao husema igare. Lakini Warundi husema ikinga, na katika Kiswahili cha Lubumbashi utasikia kinga, neno lililo jamaa na njinga ya Wachewa. Hivyo mwalimu wa Bujumbura akimwambia mgeni wa Pwani kwamba amekuja kwa kinga, mgeni huyo atafikiri habari za chanjo.

Sasa turudi Busia. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba na Tororo, haikupitia Busia. Kwa hiyo Busia ilitegemea barabara, na barabara ilikuwa na vituo viwili vya ukaguzi, kimoja cha Kenya na kimoja cha Uganda. Katikati ya vituo palikuwa na kipande kirefu cha njia. Basi la upande mmoja liliwashusha abiria, nao walipaswa kukimaliza kipande hicho wenyewe, pamoja na mizigo na watoto wao, juani. Katika miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliiona shida hiyo, wakaona na riziki ndani yake. Walifunga mto laini juu ya keria, wakaiimarisha keria kwa vyuma, wakasimama njiani wakiita: boda, boda! Maana yake ilikuwa kwamba nakutoa kituo hiki nakufikisha kile. Kutoka hapo desturi hiyo ikaenea Malaba na miji mingine.

Mwalimu wa lugha hawezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Kiswahili hurudia neno kwa sababu nyingi: polepole si sawa na pole, na maji maji si sawa na maji. Lakini katika bodaboda, kwa maoni yetu, kurudia huko hakukuwa kwa kukaza maana tu. Boda zilikuwa mbili kwa hesabu, na neno lilizitaja zote mbili. Tena wapo wanaouliza kwa nini vijana wale hawakutumia neno letu, mpaka. Hebu jaribu kuita kwa sauti, "Mpaka, mpaka!" Msikilizaji atangoja aambiwe mpaka wapi. Matatu na daladala yalipata majina kutokana na nauli. Bodaboda ilipata jina kutokana na safari yenyewe. Na Kiswahili kilichotumika kulieneza kilikuwa kile cha sokoni. Kwa miaka mingi shule za Uganda hazikukithamini, hata Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kiwe somo la lazima. Mwendesha baiskeli wa Busia hakungoja uamuzi huo.

Tusiifanye kazi hiyo kuwa ya kupendeza kuliko ilivyokuwa. Katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, bidhaa ziliadimika Uganda na shilingi ikapoteza thamani. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazili mwezi wa Julai 1975, bei ya kahawa ilipanda duniani kote, lakini mkulima wa Uganda hakuiona faida hiyo. Gunia likivushwa Kenya, lilileta fedha zenye maana, na sabuni, na chumvi. Ndipo neno magendo lilipokuwa neno la kila nyumba. Serikali iliweka mahakama maalumu ya makosa ya uchumi iliyoweza kutoa adhabu ya kifo. Hata hivyo watu walivusha, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa baiskeli usiku kwenye vijia vya mafunjo, bila taa na bila kupiga kengele. Anayesema kwamba watu wale walikuwa wahalifu tu, na aseme pia wangekula nini.

Baadaye baiskeli za abiria zilionekana Tororo, Mbale na Jinja, na upande wa pili zikajaa Kisumu. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi yao Kampala, na mwaka 2008 Kenya ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, mambo yakageuka upesi huko nako. Jina likahama pamoja na abiria. Hata ngeli imebadilika, maana siku hizi twasikia "bodaboda huyu" kwa maana ya dereva, na wingi wake mabodaboda. Hatuoni sababu ya kulikataza hilo darasani.

Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais wa nchi zote mbili, na msafiri sasa hukaguliwa upande anaouingia tu. Barabara ya kutoka Musita kupita Lumino hadi Busia na Majanji, kilomita 104 kwa jumla, imetiwa lami. Baiskeli zilizosalia hubeba ndizi, madumu ya maji na vikapu vya samaki. Na pale mpakani wapo pia watu wenye ulemavu wa miguu ambao kwa miaka mingi wamevusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Hawa hukanyaga kwa mikono: pedali zimefungwa mbele ya kifua, mizigo imepangwa nyuma na chini ya kiti, na mara nyingi yuko kijana anayesukuma kwa nyuma pale njia inapopanda.