Nani Aliyetangulia Kupanda Milima ya Upare?



Mhariri aliniomba niandike machache juu ya asili ya watu wa Upare, kwa kuwa wengi wetu tuliolala katika mabweni yale tulitoka huko. Nilikubali upesi, nikajuta baadaye, maana jambo hili limekwisha kunigombanisha na jamaa zangu.

Mnakumbuka tulivyobishana bwenini baada ya taa kuzimwa, ukoo wa nani ulitangulia kufika milimani. Kila mmoja alikuwa na babu aliyemwambia, "Sisi ndio wenye nchi." Mimi nilikuwa mmojawapo, tena mwenye kelele.

Kwa kweli Upare haukupata watu kwa safari moja. Koo nyingi husimulia kwamba zilitoka Taita; nyingine hutaja Usambara, Unguu au Uchagga. Lugha nazo zinashuhudia. Bibi yangu mzaa mama alitoka Ugweno, na Kigweno chake kilikaribiana zaidi na Kichagga kuliko Chasu tulichosema sisi wa Usangi, ingawa kutoka kwao hadi kwetu ni mwendo wa miguu tu.

Kilichowavuta watu ni mvua, kwani tambarare ya chini ni kavu. Ugweno palikuwa na chuma pia. Washana, ukoo wa wahunzi, walishika mamlaka huko hadi Wasuya walipowapindua, yapata karne ya 16. Masimulizi humtaja Angovi kuwa kiongozi wa mapinduzi hayo, na mwanawe Mranga kuwa ndiye aliyepanga utawala. Chuma cha Upare kiliuzwa hadi Uchagga. Habari hizi alizikusanya Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe mzaliwa wa Upare, kwa kuwauliza wazee ukoo kwa ukoo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1969. Anayedhani historia hupatikana katika makaratasi ya wakoloni peke yake na akisome.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Miaka michache iliyopita koo mbili kijijini kwetu ziligombea ndiva. Kwa msiotoka milimani, ndiva ni bwawa dogo linalokinga maji ya mfereji usiku, yakafunguliwa asubuhi kwenda mashambani. Ukoo mmojawapo ulikuwa wangu. Kwa kuwa nilisoma, nikafanywa mwandishi wa kikao.

Baba mdogo alisimama akataja mababu 12 bila kukwama. Mzee wa upande wa pili alifikisha saba tu. Watu wetu wakacheka, na mimi nusura nicheke. Lakini nilipoyaandika majina yetu niliona ndugu wawili wa tumbo moja wamepangwa kama baba na mwana. Orodha ndefu si lazima iwe ya zamani zaidi.

Ndipo shangazi, aliyekuwa amekaa kimya pembeni, akauliza: siku ya kusafisha mfereji, pombe ya tambiko humwagwa kwanza na nani?

Kikao kizima kikanyamaza. Humwagwa na wale wengine. Hata babu yangu, yule wa "sisi ndio wenye nchi", nilipokuwa mtoto nilimwona akisimama na kibuyu chake akingojea zamu. Kwetu aliyechimba mfereji ndiye huanza kusema na wafu wa mahali pale. Anayekuja nyuma huomba maji, naye hupewa. Basi sisi tulikuwa tumeomba, tukapewa, tukaoa kwao, kisha tukasahau kwamba tuliomba.

Niliandika hivyo katika muhtasari, nikausoma kwa sauti. Sijui kama mwalimu wetu wa historia angenipa alama nzuri, ila mikono yangu ilitetemeka kuliko siku yoyote ya mtihani. Msimu mzima wa masika baba mdogo hakuitikia shikamoo yangu.

Maji yaligawanywa: siku nne kwao, siku tatu kwetu. Muhtasari ule umetunzwa katika ofisi ya kijiji, na sahihi ya mwisho ni ya baba mdogo. Aliitia mavuno yalipokwisha, akiwa amesimama, kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.