Bakteria sugu: Adui anayemvizia mgonjwa wodini

MGONJWA aliyevunjika mguu hufanyiwa upasuaji ukafana, lakini siku chache baadaye kidonda kikaanza kutunga usaha. Hupewa dawa ya kuua bakteria, homa haishuki. Hubadilishiwa ya pili, kisha ya tatu. Hatimaye maabara hufichua kuwa maradhi yanayomtesa hakutoka nayo nyumbani.

Bakteria anayefahamika zaidi kwa visa vya aina hii ni Staphylococcus aureus. Huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wenye afya bila kuwadhuru. Huwa hatari apatapo mwanya, kama vile kidonda cha upasuaji au mpira wa dripu uliokaa mshipani siku nyingi, akaingia katika damu, mapafu au mifupa.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mnamo 1928, ilimweza mwanzoni. Ilipoanza kutumiwa kwa wingi katika miaka ya 1940, aina zenye uwezo wa kuivunjavunja zilienea hospitalini. Mnamo 1959 ikaja methisilini. Kufikia 1961 Uingereza ilikuwa tayari imeripoti bakteria asiyetishwa na dawa hiyo mpya. Ndiye aitwaye MRSA kwa kifupi. Jeni yake ya mecA humpa protini ya kujengea ukuta wa seli ambayo dawa za jamii ya penisilini haziwezi kuidhibiti.

Wengi hudhani usugu ni mwili wa mgonjwa kuizoea dawa. La hasha. Anayebadilika ni bakteria. Dawa huua walio dhaifu, nao wachache waliosalia huzaana, na baadhi yao huwapitishia wenzao jeni za usugu. Kwa hivyo anayemeza antibiotiki kutibu mafua, maradhi ya virusi, hajitibu. Huwafundisha vita bakteria alio nao mwilini.

Katika wodi, njia kuu ya maambukizi ni mikono. Hata jamaa aletaye chakula cha mchana, akamnyoosha mto mgonjwa wake na kumsalimu wa kitanda cha pili, huweza kuwabeba. Hili si jambo geni: mnamo 1847 Ignaz Semmelweis alionyesha jijini Vienna kuwa madaktari wakinawa kwa maji ya klorini, vifo vya akina mama waliojifungua hupungua sana. Mnamo 2004 serikali ya Uingereza iliagiza visa vya MRSA katika damu vipunguzwe kwa nusu kufikia 2008. Lengo hilo lilifikiwa, bila dawa yoyote ya miujiza.

Barani Afrika, Klebsiella sugu ni tishio kubwa kwa watoto wachanga. Makadirio yaliyochapishwa mnamo 2022 yalihusisha usugu moja kwa moja na vifo milioni 1.27 duniani mwaka wa 2019. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kukabiliana na usugu mnamo 2017.

MRSA aliyeingia katika damu mara nyingi hutibiwa kwa vankomisini, inayopitishwa mshipani. Marekani iliripoti Staphylococcus aureus wa kwanza aliyeihimili kabisa dawa hiyo mnamo 2002.