Kiti Kisicho na Fundi

Siku tuliyomzika Baba, viti mia mbili vya plastiki vilipangwa chini ya turubai mbele ya nyumba yetu, Keko. Vilikuja kwa gari dogo na kijana mmoja ambaye hakumjua marehemu. Akavishusha kumi kumi, akahesabu, akaandika kwenye daftari lake, akaondoka. Vingine vilikuwa vyeupe, vingine vya bluu, na viwili vitatu vilikuwa vimepasuka mgongoni vikashonwa kwa waya.

Ndugu msomaji, Baba alikuwa seremala. Kwa zaidi ya miaka thelathini alichonga viti vya mninga, na wakati wake hapakuwa na harusi kubwa mtaani kwetu ambayo bwana harusi hakuagiza seti kwake. Lakini wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Viti vyake vyote viliuzwa. Msibani kwake watu walikaa juu ya kitu alichokichukia maisha yake yote.

Nasema alikichukia, na sisemi kwa kukuza mambo. Viti vya plastiki vilipoanza kuonekana mtaani kwetu nilikuwa bado shule ya msingi. Mteja mmoja aliyekuwa ameweka oda ya viti sita akaja kuomba radhi: eti kapata vingine, bei chee, vimeshafika nyumbani. Baba hakugombana naye. Alikwenda dukani, akakichukua kiti kimoja, akakigeuza juu chini. Akatafuta kiungo, hakuona. Akatafuta skrubu, hakuna. Alama ya patasi au ya randa, hakuna. Akakirudisha chini na kusema, "Hiki kiti hakina fundi. Kimetagwa kama yai."

Maneno yale yalinikaa kifuani miaka mingi. Baada ya arobaini ya Baba nikaanza kusoma habari za viti, kitabu baada ya kitabu, maana nilitaka kujua: hivi ni kweli hakina fundi? Na kama anaye, ni nani aliyekuja kuingia kwenye banda la baba yangu bila hodi?

Tuanze mbali kidogo. Kwa karne nyingi kiti kizuri kilikuwa mali ya wakubwa. Huku kwetu pwani kile kiti cha enzi cha mbao nyeusi, chenye nakshi za mifupa na pembe, kilikuwa cha mwenye nyumba au cha mgeni wa heshima. Wengine walijua mahali pao, mkekani. Ulaya nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Kiti kizito cha kuchonga kilisema: hapa pana bwana, na pana mtumishi wa kukifuta vumbi.

Aliyelitikisa jambo hilo, wala usishangae, alikuwa seremala. Jina lake Michael Thonet, Mjerumani aliyehamia Vienna. Mwaka 1859 alitoa kiti chake nambari 14. Aliweka fito za mbao kwenye mvuke mpaka zikalegea, kisha akazikunja kwenye kalibu za chuma. Kiti kizima kilikuwa na vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2, basi. Viti 36 vilivyofumuliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa na kuunganishwa huko huko vilikofika. Hapo kiti kikaingia mkahawani, kwa mtu wa kawaida anayekunywa kahawa yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na shule iliyoitwa Bauhaus, iliyoanzishwa mwaka 1919. Mwaka 1925 kijana wao mmoja kutoka Hungaria, Marcel Breuer, alitazama usukani wa baiskeli yake akajiuliza: kama bomba la chuma linaweza kukunjwa hivi, kwa nini lisikunjwe liwe kiti? Akafanya. Huko Finland naye Alvar Aalto alikuwa anajenga hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, Paimio. Aliona chuma ni baridi mno kwa mgonjwa. Akakunja plaiwudi ya mbao nyeupe ya kwao, akaipa mgongo mlalo wa kumsaidia mgonjwa kuvuta pumzi. Hiyo ni miaka ya 1931 na 1932. Nilipofika hapo nilianza kulegea. Mtu anayekunja ubao akifikiria pumzi ya mgonjwa ni fundi, hata kama hana tindo mkononi.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe. Mwaka 1941 mke na mume waliooana karibuni walihamia Los Angeles, Marekani. Mume ni Charles Eames, msanifu majengo. Mke ni Ray, mchoraji. Charles alikuwa amekwisha shinda pamoja na rafiki yake, Eero Saarinen, katika shindano la Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, kwa kiti cha plaiwudi iliyokunjwa pande zote kama ganda. Tatizo ni kwamba kile kiti kilikuwa kizuri kwenye maonyesho tu. Kiwandani kiliwashinda kukitoa kwa bei nafuu.

Basi bwana, wawili hao wakageuza nyumba yao ya kupanga kuwa karakana. Mchana Charles alifanya kazi kwenye studio ya filamu. Jioni alirudi na mbao na gundi. Wakajitengenezea mashine yao wenyewe wakaiita Kazam. Maganda membamba ya mbao yalipakwa gundi, yakapangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, halafu mpira ukajazwa upepo kuyakandamiza. Ule upepo waliujaza kwa pampu ya baiskeli! Nakwambia, Baba angeyasikia haya angecheka, maana naye siku umeme ukikatika hakukosa ujanja.

Kilichowafungulia njia kilikuwa vita. Wanajeshi waliovunjika miguu walikuwa wakifungwa magango ya chuma, na chuma kile kilitikisika njiani, kikamzidishia majeruhi maumivu na madhara. Charles na Ray walitengeneza gango la plaiwudi lililofuata umbo la mguu wa mtu. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani likalikubali. Oda ya kwanza ilikuwa 5,000. Mpaka vita vinakwisha yalikuwa yametengenezwa kama 150,000. Serikali ndiyo iliyolipia somo, nao wakajifunza kukunja mbao kwa maelfu. Vita vilipokwisha, gango likawa kiti. Kile kiti chao cha chini cha plaiwudi cha mwaka 1946 ndicho ambacho gazeti la Time, mwaka 1999, lilikitaja kuwa usanifu bora wa karne nzima.

Lakini plaiwudi haikutosha, kwa sababu watu walikuwa wengi. Askari walirudi, wakaoa, wakazaa. Karibu na New York peke yake, mji mpya wa Levittown ulijengewa nyumba zaidi ya 17,000 kati ya mwaka 1947 na 1951. Ni nyumba ndogo, zinazofanana, zisizo na chumba cha mtumishi. Sasa we fikiria, kabati la babu lenye miguu ya simba utaliweka wapi? Samani ilibidi iwe nyepesi, mama wa nyumba aweze kuisogeza mwenyewe na kuifuta kwa kitambaa kimoja. Tena tusidanganyane: nyumba zile ziliuzwa kwa Wazungu peke yao, na mtu mweusi alifungiwa mlango kwa maandishi ya mkataba. Waliosifu kiti cha watu wote hawakusema sana ni watu gani walioruhusiwa kuwa na sebule ya kukiweka.

Uingereza ilikuwa na shida ya namna yake. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba na mbao zilikuwa adimu. Tangu mwaka 1942 serikali ikaamua yenyewe ni samani za namna gani zitengenezwe: imara, za kawaida, bila nakshi, na kwa kibali. Waliopewa nafasi ya kwanza ni waliobomolewa nyumba na maharusi wapya. Mpango huo ulidumu mpaka 1952. Watu wakazoea, wengine wakipenda na wengine wakinuna, kwamba kiti kinaweza kuwa kitupu na bado kikawa kiti.

Hapo ndipo plastiki ilipopata upenyo. Mwaka 1948 lile jumba la New York liliitisha shindano jingine, safari hii la samani za bei nafuu. Eames na wenzake walipeleka kiti cha bati la kukandamizwa, wakapata zawadi ya pili, lakini gharama ikawa kubwa. Wakageukia nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu wa plastiki, yaani faibaglasi. Kampuni ya Zenith Plastics, iliyokuwa ikitengeneza vifuniko vya rada za ndege wakati wa vita, ikawa inawatolea maganda ya viti, na mwaka 1950 vikaingia sokoni kupitia Herman Miller. Ganda moja, miguu utakayo mwenyewe.

Mwaka 1954 maabara ya Giulio Natta huko Milan ikatengeneza plastiki nyingine, polipropilini: nyepesi, ngumu kupasuka, rahisi kuyeyushwa. Aliyeitumia vizuri kwa viti ni Mwingereza Robin Day. Huyu alizaliwa High Wycombe, na nilipousoma mji huo nilikaa kimya kidogo. Ni mji wa mafundi viti, Keko ya Waingereza! Mtoto wa mji wa mafundi viti ndiye aliyetoa, mwaka 1963, kiti ambacho kalibu moja iliweza kukimwaga 4,000 kwa wiki. Mwaka huo huo Natta alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ziegler. Kiti cha Day kikaenda mashuleni, mahospitalini, viwanjani, kwa mamilioni.

Hicho bado kilikuwa na miguu ya chuma. Wengine wakakazana mguu, kalio na mgongo viwe kitu kimoja. Mdenmark Verner Panton alifanikiwa mwaka 1967. Mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti chake cha mikono ambacho mashine ilikimaliza kwa muda usiofika dakika mbili. Miaka ya 1980 bei za viti vya ukoo huo zikaporomoka, na safari yao ikaendelea mpaka dukani kwetu, mpaka mikononi mwa Baba aliyekigeuza juu chini akitafuta fundi.

Kwa hiyo Baba alikosea? Nimelifikiria sana. Mafundi wapo, na wengine walikuwa mafundi hasa, walioanza na mbao kama yeye. Lakini alichokitafuta chini ya kile kiti hakikuwa jina tu. Kiti cha mninga kikivunjika mguu unamrudia aliyekichonga, anakung'oa na kukupachikia mwingine. Cha plastiki kikivunjika unakishona kwa waya, na siku waya ukishindwa unakitupa, nacho hakiozi. Kwa hilo Baba alikuwa na haki, na mitaro ya mtaa wetu ni shahidi wake. "Usiache mbachao kwa msala upitao," alipenda kusema, na yule mteja wa viti sita alirudi kwake baada ya miaka michache.

Lakini lipo jambo jingine nililolikuta kwenye habari hizi, na hili Baba hakuwahi kuliona. Mwaka 1946 lile jumba la New York lilipoonyesha viti vya plaiwudi, tangazo lilitaja jina moja tu: Charles Eames. Ray hakutajwa. Wala Harry Bertoia, aliyefanya nao kazi, akaondoka na uchungu wake. Mwanamke aliyeishi na ile mashine ndani ya nyumba yake, akaijua gundi na harufu yake, alihesabiwa kuwa mke wa fundi. Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray alifariki tarehe hiyo hiyo, miaka kumi kamili baadaye, na sifa zake nyingi zimekuja akiwa kaburini.

Niliposoma hayo nilikifunga kitabu. Kwa sababu nyumbani kwetu aliyepiga msasa kila kiti alikuwa Mama. Msasa wa kwanza, wa pili, halafu vanishi, usiku, sisi tukiwa tumelala. Ule mng'aro ambao wateja waliupapasa na kumsifia Baba ulikuwa wa mikono yake. Hakuna aliyesema "viti vya Mama fulani". Mimi mwenyewe mwanzoni mwa makala haya nimeandika kwamba Baba ndiye aliyechonga, nikaishia hapo. Na wageni walipokuja, Baba na wageni walikaa kwenye mninga, Mama akakaa mkekani.

Siku ya arobaini miguu ilikuwa imemvimba. Wanawake walikuwa ndani, mkekani, kama kawaida. Nikamwona amesimama mlangoni amejishikiza kwenye fremu.

"Nikuletee kiti, Mama?"

"Cha nani?"

"Hivi hivi vya kukodi. Vipo vingi."

Akanyamaza kidogo. "Haya, lete. Kiweke huku mbele."

Nikakiweka mbele, kati ya wazee. Kilikuwa cheupe, mguu mmoja umeshonwa kwa waya. Mama alikipapasa mkono wake wa kuegemea kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akipapasa mbao kujua kama msasa umekolea.

"Hakina kazi hiki," akasema.

Halafu akakaa.